Sindano ya penisilini kwa sungura: inakwenda wapi, inakaa muda gani

Swali

Shikamoo daktari. Ninafuga sungura hapa Arumeru, majike kumi na mawili na madume wawili. Mwezi uliopita jike mmoja alipata mafua ya kamasi nzito, akaota na jipu chini ya taya. Nikafungua kapsuli ya amoksisilini ya binadamu, nikaichanganya na maji, nikamnywesha. Siku ya nne akaanza kuhara, ya tano nikamkuta amekufa. Sasa mwenzake ana dalili zilezile. Bwana mifugo wa kata anasema achomwe penisilini. Naogopa, maana nimesikia penisilini na amoksisilini ni ndugu. Jirani yangu naye ana linkomaisini ya sindano aliyobakiza kwenye nguruwe wake, anasema dawa ya sindano haigusi tumbo. Naomba unieleze: dawa ikiingia kwa sindano inakwenda wapi mwilini mwa sungura, inakaa muda gani, na nyama yake nitaiuza lini?

Jibu

Marahaba dada yangu, na pole sana kwa jike wako. Jirani yako amekuambia jambo ambalo ni nusu kweli, na ile nusu aliyoiacha ndiyo inayoua sungura. Sindano ni mlango wa kuingilia tu. Dawa ikishafika kwenye damu lazima itafute pa kutokea, na kwa sungura swali kubwa ni hilo: inatokea kwenye mkojo, au inatokea kwenye nyongo na kurudi tumboni? Penisilini ya sindano hutoka zaidi kwa mkojo. Linkomaisini hutoka kwa wingi kwa nyongo, tena ikiwa bado ina nguvu zake. Kwa hiyo kubaliana na bwana mifugo, na chupa ya jirani irudi kwake leo hii.

Nitaeleza kwa nini, ili siku nyingine ukisimama kwenye kaunta ya duka la dawa za mifugo ujue cha kuuliza.

Sungura anaishi kwa majani lakini hana tumbo la kucheua kama mbuzi. Kazi ya kuvundika majani anaifanya nyuma, kwenye mfuko mkubwa unaoanzia pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Mfuko huo unaitwa sikamu. Ukimpasua sungura aliyechinjwa ndicho kitu cha kwanza kukuonekania: mfuko mpana wa rangi ya kijani kibichi iliyofifia, ngozi yake nyembamba, umejikunja na kujaza sehemu kubwa ya tumbo. Peke yake hubeba karibu asilimia 40 ya vyote vilivyomo kwenye njia ya chakula. Humo wanaishi bakteria wengi mno, na wengi wao ni wa aina isiyohitaji oksijeni. Hao ndio wanaomtengenezea sungura sehemu kubwa ya nguvu yake, protini na vitamini za kundi B. Kila siku, hasa usiku na alfajiri, hutoa kinyesi laini chenye kung'aa kutoka kwenye mfuko huo na kukila palepale kinapotoka mkunduni, ndiyo maana hukioni kizimbani. Ukiona kimeanza kubaki chini, sungura huyo tayari ana shida.

Ulipomnywesha jike wako amoksisilini, dawa haikumtia sumu mwilini. Ini lake na moyo wake vingeihimili. Sehemu ya dawa ambayo haikunyonywa juu iliteremka hadi kwenye sikamu na kuwamaliza wale bakteria wenyeji. Nafasi ikabaki wazi. Kuna bakteria mmoja aitwaye Clostridium spiroforme, ambaye kwa kawaida hana nafasi ya kuzaliana pale kwa sababu wenyeji wamejaa. Wenyeji wakiondoka, yeye huongezeka haraka na kutoa sumu inayoharibu ukuta wa utumbo. Sungura anaacha kula, anahara maji maji, wakati mwingine yenye ute au damu, mwili unapoa, anakufa. Hali hii haitokei papo hapo. Huja siku chache baada ya dawa kuanza, pengine hata baada ya dozi kwisha, na ndiyo maana wafugaji wengi hudhani ugonjwa ndio ulioua.

Unayofuga si mnyama wa peke yake katika jambo hili. Simbilisi ni wepesi zaidi kufa. Tarehe 25 Mei 1940 kule Oxford, Uingereza, mtafiti Howard Florey na wenzake waliwaambukiza panya wanane bakteria wa kuua, wakawapa wanne kati yao penisilini. Asubuhi wale wanne walikuwa hai, wenzao wote walikuwa wamekufa. Miaka 3 baadaye watafiti wa Marekani wakaripoti kwamba penisilini hiyohiyo huua simbilisi. Kama Florey angeanza na simbilisi badala ya panya, pengine dunia ingeitupa penisilini kama sumu. Nasema hivi kwa sababu najua huko kwenu wapo wanaofuga simbilisi na sungura kwenye banda moja: penisilini utakayomchoma sungura usimchome simbilisi.

Sasa tuifuate penisilini yenyewe kutoka kwenye ncha ya sindano.

Chupa utakayouziwa huenda ikawa ya penisilini ya prokaini. Ukiitazama ni nyeupe kama maziwa, na ukiiacha rafuni unga hujikusanya chini. Huo unga ni penisilini iliyofungwa na prokaini ili isiyeyuke haraka. Ndiyo sababu chupa lazima itikiswe taratibu hadi unga wote uchanganyike kabla ya kuvuta, vinginevyo sungura wa kwanza atapata maji na wa mwisho atapata dozi ya sungura watatu. Ukishaichoma chini ya ngozi, inabaki pale kama akiba ndogo. Inayeyuka kidogo kidogo, vimishipa vya damu vya eneo hilo vinaibeba. Kiwango kwenye damu hupanda kwa saa chache za mwanzo, kisha hushuka polepole, na kwa kuwa akiba bado inatoa, dawa huendelea kuwepo kwa muda wa kutosha kuchoma mara 1 kwa siku.

Bila ile prokaini mambo yangekuwa tofauti kabisa. Sungura wana historia ndefu na jambo hili: Alexander Fleming, katika maandishi yake ya mwaka 1929 yaliyoitambulisha penisilini, alieleza kwamba alimchoma sungura mililita 20 za mchuzi wa ukungu kwenye mshipa, na sungura hakudhurika kuliko angechomwa mchuzi usio na ukungu. Yeye na wasaidizi wake walipopima damu waliona pia kwamba nguvu ya dawa ilikuwa karibu imekwisha ndani ya nusu saa. Figo ndizo zinazofanya hivyo. Haziichuji tu penisilini pamoja na maji, bali huikamata kutoka kwenye damu na kuisukuma kwenye mkojo. Kwa binadamu ni vilevile. Mwaka 1941, polisi Albert Alexander alipotibiwa Oxford na dawa ikawa haba, madaktari waliikamua penisilini kutoka kwenye mkojo wake na kumchoma tena.

Hapo ndipo usalama wa sungura wako ulipo. Dawa inapotoka kwa mkojo ikiwa nzima, kiasi kinachobaki kupita kwenye ini na nyongo hadi utumboni ni kidogo, na sikamu kwa kawaida hukivumilia. Nimesema kwa kawaida, sikusema daima. Sungura aliyeacha kula, aliyezoea chakula cha pumba na mahindi bila nyasi, au mtoto aliyetoka kuachishwa ziwa, anaweza kuharibikiwa hata kwa penisilini ya sindano. Na usimnyweshe hata tone la hiyo ya chupa. Penisilini ya sindano ikipita mdomoni inakuwa hatari ileile ya kapsuli. Ikimwagika kwenye manyoya wakati wa kuchoma, ifute, kwa sababu sungura hujilamba kutwa.

Umeuliza kama penisilini na amoksisilini si ndugu. Ni ndugu, ila hawana tabia moja. Amoksisilini na ampisilini hushambulia aina nyingi zaidi za bakteria kuliko penisilini ya kawaida, na sehemu yake hupita kwenye nyongo. Sungura naye, kwa kila kilo ya mwili, hutoa nyongo mara kadhaa zaidi ya mbwa. Kwa hiyo amoksisilini ya sindano, ile nzito ya mafuta inayouzwa kwa ajili ya ng'ombe na mbwa, bado inaweza kufika kwenye sikamu kupitia mlango wa nyuma. Mimi siitumii kwa sungura kabisa. Linkomaisini na klindamaisini ni mbaya zaidi: zinaua hasa wale bakteria wasiotaka oksijeni, zinatoka kwa nyongo zikiwa na nguvu, na sungura hufa hata zikichomwa kwenye msuli. Tena sungura akila kile kinyesi laini, dawa iliyomo humo inaingia upya. Erithromaisini nayo iache. Na kwa kuwa ulishaingia duka la dawa za binadamu mara moja, nikutahadharishe pia juu ya seftriaksoni, ambayo watu huipenda kwa kuwa ni sindano kali ya hospitali. Kwa binadamu sehemu kubwa ya dawa hiyo hutoka kwa nyongo, na hiyo inanitosha kuikataa kwa sungura.

Dozi sasa. Kwanza mpime. Wafugaji hukadiria kwa macho, na jike wa New Zealand White mwenye manyoya mengi huonekana ana kilo 5 kumbe ana 3.5. Chukua mzani wa kuning'iniza wa muuza nyama, mtie kwenye kikapu chenye kifuniko, pima, kisha toa uzito wa kikapu. Kiwango kinachotumika sana kwa sungura ni uniti 40,000 hadi 60,000 za penisilini ya prokaini kwa kila kilo, mara 1 kwa siku. Tuseme jike wako ana kilo 4 na chupa imeandikwa uniti 300,000 kwa mililita. Ukianzia chini, anahitaji uniti 160,000, yaani mililita 0.53, ukienda juu, uniti 240,000, yaani mililita 0.8. Bomba la mililita 5 haliwezi kupima hicho kitu. Nunua la mililita 1 lenye mistari midogo, na sindano nyembamba ya namba 23. Soma lebo ya chupa uliyopewa kabla ya kuvuta, kwa sababu zipo za uniti 200,000, zipo za 300,000, na kosa la hapo ni kubwa. Bwana mifugo athibitishe hesabu yako akiwa amemwona mnyama.

Dukani wanaweza kukupa ile iliyochanganywa na streptomaisini wakisema ni penisilini tu. Si mbaya kwa kila sungura, ila elewa unachochoma. Kwenye chupa yenye uniti 200,000 za penisilini na miligramu 200 za streptomaisini kwa kila mililita, ukitimiza dozi ya penisilini ya uniti 40,000 kwa kilo, umempa pia miligramu 40 za streptomaisini kwa kila kilo ya mwili. Streptomaisini ni ya kundi moja na jentamaisini: hutoka kwa figo pekee, na ikijikusanya huziumiza figo zenyewe pamoja na masikio. Sungura aliyeacha kunywa maji siku mbili figo zake zinafanya kazi kwa shida, kwa hiyo dawa inakaa kuliko inavyotakiwa. Kama unaweza kupata penisilini tupu, chukua hiyo.

Mahali pa kuchoma ni chini ya ngozi iliyolegea, juu ya mabega. Mweke mezani juu ya gunia au taulo asiteleze, msaidizi amshike kifua kwa mkono mmoja na makalio kwa mkono wa pili, amkumbatie karibu na mwili wake. Usimwache arushe miguu ya nyuma hewani, kwa sababu misuli yake ina nguvu kuliko mifupa yake, na sungura anaweza kujivunja uti wa mgongo kwa teke moja. Inua ngozi kwa vidole viwili ifanye hema, ingiza sindano kwenye msingi wa hema ikiwa imelala, vuta kidogo pistoni uone kama damu inaingia. Ikiingia, toa na uanze upande mwingine, maana penisilini ya maziwa ikipita kwenye mshipa inaweza kumwua papo hapo. Sukuma taratibu, kisha papasa uone kama manyoya yamelowa. Mara nyingi sindano hutoboa ngozi ikatokea upande wa pili, dawa yote ikaishia kwenye manyoya, na mfugaji akadhani ametibu. Badilisha upande kila siku. Paja la nyuma liache kabisa, pana neva kubwa ya mguu, na nimeona sungura waliobaki wakiburuta mguu kwa sababu ya sindano iliyochomwa hapo.

Jambo jingine kuhusu chini ya ngozi: dawa haitembei yenyewe, inabebwa na damu. Sungura aliyepoa na kukauka maji hufunga mishipa ya ngozi ili damu ibaki kwenye moyo na ubongo, kwa hiyo sindano uliyomchoma inalala palepale. Joto la kawaida la sungura ni kati ya nyuzi 38.5 na 40. Ukimshika masikio ukayakuta baridi na kipimo kinasoma chini ya 38, mtie joto kwanza kwa chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa, bwana mifugo ampe maji ya chumvi chini ya ngozi, halafu ndipo dawa ifuate.

Kuhusu muda: penisilini huua bakteria wanapokuwa wanagawanyika, na kinachohesabika ni saa ngapi kiwango chake kimebaki juu ya kile kinachowadhuru. Mtafiti Harry Eagle alilionyesha hilo mwaka 1950 kwa wanyama wa maabara, sungura wakiwemo. Kuzidisha dozi mara 5 hakukupi uponyaji mara 5. Kuruka siku moja, kwa upande mwingine, kunawapa bakteria nafasi ya kujenga upya. Mafua ya sungura husababishwa mara nyingi na bakteria aitwaye Pasteurella multocida, na kwa huyo nisingeishia chini ya siku 7 mfululizo, hata akianza kula vizuri siku ya 3.

Ipo pia penisilini ya benzathini, inayoyeyuka polepole zaidi na kubaki mwilini kwa siku nyingi. Inavutia kwa kuwa unachoma mara moja. Lakini kiwango chake kwenye damu ni cha chini sana, na Pasteurella hakihofii. Inafaa kwa ugonjwa mmoja wa sungura, kaswende yao, ile yenye magamba na vidonda kwenye sehemu za siri, pua na midomo, ambayo huenezwa na dume wakati wa kupandisha. Bakteria wake ni dhaifu mbele ya penisilini na hukua polepole, kwa hiyo sindano 1 kwa wiki kwa wiki 3 humwondoa, mradi utibu wote waliokutana. Haimwambukizi binadamu.

Nije kwenye jipu, ambalo ndilo linanitia wasiwasi kuliko mafua. Usaha wa sungura hautiririki. Ni mzito, mweupe, unatoka kwa kukamuliwa kama dawa ya meno, na mwili huuzungushia ukuta mnene. Ukuta huo hauna mishipa ya kutosha, kwa hiyo dawa yoyote utakayochoma begani itafika kwenye ukuta na kuishia hapo. Ndani ya usaha bakteria wamelala bila kugawanyika, na penisilini haina cha kufanya na bakteria aliyelala. Utachoma wiki nzima, uvimbe utapungua, utafurahi, baada ya wiki 3 utarudi. Tena jipu la chini ya taya kwa sungura mara nyingi limeanzia kwenye mzizi wa jino. Mwambie bwana mifugo amfungue mdomo na kuangalia meno ya nyuma kwa tochi. Jipu linahitaji kutolewa lote pamoja na ukuta wake, au kufunguliwa kwa upana na kusafishwa kila siku, na sindano iwe ya kusaidia upasuaji. Kama jino limeoza hadi mfupa wa taya umevimba, na jike huyu hana thamani kubwa ya mbegu, nakushauri umwondoe bila mateso. Kumtibu miezi 2 kwa dawa zisizofika ni kumwumiza.

Utaambiwa pia juu ya enrofloksasini, dawa nyingine ya kuua bakteria. Mwili wa sungura unaipokea vizuri: ikichomwa, karibu yote huingia kwenye damu, inaingia kwenye mapafu na kwenye tishu, na bakteria wa sikamu wasiotaka oksijeni haiwadhuru sana. Hutoka haraka, saa 2 hivi na kiwango kwenye damu kimeshuka nusu, lakini dawa hii huua kwa ukubwa wa kilele chake, si kwa wingi wa saa, kwa hiyo mara 1 au 2 kwa siku inatosha. Kero yake ni kwamba ile ya asilimia 10 ina ukali wa magadi. Ukiichoma bila kuizimua, ngozi inaweza kuoza, ikaacha kidonda au jipu jipya. Lazima izimuliwe kwa maji ya chumvi safi ya hospitali ya asilimia 0.9. Watoto wanaokua huwaharibia gegedu za viungo. Na ni katika dawa ambazo binadamu wanazitegemea sana, hivyo mimi huiweka akiba kwa sungura ambaye kipimo cha maabara kimeonyesha penisilini haifai, na kwa sungura wa nyama naikwepa.

Oksitetrasaiklini ya muda mrefu, chupa ya kahawia inayopatikana kila duka, imetengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, na kwa ng'ombe kweli hukaa siku 2 au 3. Sungura huiondoa mwilini upesi zaidi, kwa hiyo usihesabu siku kwa lebo ya ng'ombe. Ukijaribu kufidia kwa kuongeza dozi, anaacha kula na kuhara. Inauma pia inapochomwa.

Haya yote yanatokana na ukweli kwamba sungura si ng'ombe mdogo. Ini lake lina vimeng'enya vyake. Dawa za salfa, kwa mfano, sungura huzibadilisha haraka mno, na hata kati ya sungura wenyewe wapo wa kasi na wa polepole kwa kurithi. Wengine wana kimeng'enya kwenye damu kinachovunja atropini, wakaweza kula majani ya mmea wenye sumu hiyo wasidhurike. Ndiyo maana lebo ya kuku au mbuzi haiwezi kugeuzwa ya sungura kwa kugawanya uzito tu.

Wakati unamchoma jike wako, mpe nyasi kavu muda wote, zisikosekane kizimbani, na upunguze pumba na mahindi hadi wiki moja baada ya sindano ya mwisho. Nyasi ndizo zinazowalisha wale bakteria wa sikamu. Kila asubuhi hesabu kinyesi kwa macho: vipunje vikiwa vidogo, vikilegea, au vikikosekana kwa nusu siku, simamisha dawa na umwite bwana mifugo siku hiyohiyo. Mtenge na wengine, na uondoe mkojo chini ya vizimba, kwa sababu harufu kali ya mkojo huchubua pua na kuwarudishia mafua hata dawa ikiwa sahihi. Kama ana watoto wanaonyonya, dawa kidogo itapita kwenye maziwa, basi waangalie nao kinyesi.

Kuhusu nyama: chupa nyingi unazoziona madukani hazina siku za kusubiri kwa sungura, zina za ng'ombe, nguruwe na mbuzi. Penisilini kwenye damu huisha ndani ya siku chache, lakini pale ulipochoma na kwenye figo hubaki zaidi, na kuna watu ambao mabaki madogo ya penisilini huwavimbisha na kuwabana pumzi. Umoja wa Ulaya kwa miaka mingi uliweka angalau siku 28 kwa nyama ya mnyama aliyetibiwa kwa dawa isiyomtaja kwenye lebo, nami nakushauri uishike hiyohiyo, kama bwana mifugo wako hajakupa ndefu zaidi. Mkojo na kinyesi chake cha siku za matibabu kizike mbali na bustani ya mchicha. Mfunge kadi kwenye mlango wa kizimba, uandike jina la dawa, tarehe ya sindano ya mwisho na upande uliochoma, ili hata ukiwa safarini mwanao asimwuzie mteja wa Krismasi.